Mpwa wangu kapangiwa Newala, watu wanampa pole

Juzi usiku dada yangu kanipigia simu kutoka Tanga, sauti iko chini kama ya mtu aliye msibani. Mwanawe wa pili alimaliza ualimu miaka minne iliyopita, na tangu hapo anafundisha tuisheni barazani na kuuza vocha. Sasa ajira imetoka. Nikaanza kushangilia, dada akanikatiza: "Ngoja kwanza. Kapangiwa Mtwara. Na wala si mjini, Newala huko." Akanyamaza. Nyuma yake nikamsikia jirani anasema, "Si neno, akifika tu aanze kutafuta uhamisho."

Kijana mwenyewe akachukua simu. "Shikamoo mjomba. Eti huko kunakaliwa?"

Marahaba. Kunakaliwa. Mimi nimekaa tangu Agosti 2012. Lakini swali lake lilinikera na kunichekesha kwa pamoja, nikamwambia nitamwandikia, maana jibu lake refu na salio lilikuwa la mama yake. Naliweka hapa kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza.

Kazi yangu ni ufundi wa friji na viyoyozi. Kibanda changu kiko Magomeni, Mtwara mjini, na watu wananiita Mtanga. Nina wateja wa miaka kumi ambao hawajui jina langu lingine. Nalisema hili mapema ili ujue naitazamia wapi Mtwara: nyuma ya friji, penye vumbi, mende na waya. Fundi friji hafichwi kitu. Anajua nyumba ipi ina nyama na ipi imeweka maji matupu ili friji lisionekane liko wazi.

Nilikuja kwa ajili ya gesi. Si gesi ninayojaza kwenye mafriji, ile ya ardhini. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ila mwaka huo wa 2012 kulikuwa na habari za gesi nyingine nyingi baharini, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikuwa linaanza kujengwa. Shangani, mtaa wa hapa mjini, ikajaa wageni. Nyumba zilizokuwa zimekaliwa na popo zikapakwa rangi na kupangishwa kwa dola, na kila mgeni alitaka kiyoyozi, kama si viwili. Kuna siku nilifunga vinne, nikalala na nyundo mkononi. Neno lililokuwa midomoni mwa watu wote, mpaka migongoni mwa bajaji, lilikuwa "Mtwara kuchele". Kuchele ni Kimakonde, maana yake kumekucha. Nikajua nimepata. Nikawaandikia wa nyumbani kwamba Dubai ninaijua, iko kusini.

Halafu ikaja Mei 2013. Tarehe 22, siku iliposomwa bajeti ya nishati bungeni, mji ulilipuka kwa sababu ya lile bomba. Watu walikuwa wakisema gesi haitoki Mtwara. Sitasimulia yote, wenyeji wanayajua na wengine walipoteza ndugu. Mimi nilijifungia siku kadhaa na mzee mwenye nyumba wangu, tukila korosho na chai isiyo na sukari, na kila mlio wa gari la jeshi ukipita mzee anasema, "Mtanga, we ulisema umekuja kupumzika." Bomba likamalizika 2015. Gesi ikaenda. Na ile gesi ya bahari kuu ikabaki bahari kuu mpaka leo. Wageni wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na mwaka 2016 nikajikuta nalipwa kufungua viyoyozi vilevile nilivyovifunga mwenyewe, matobo yake nayaziba kwa saruji. Ukipita Shangani ukitazama kuta vizuri utayaona mabaka ya mviringo, makubwa kama kisahani cha chai. Mengi ni kazi yangu.

Wazee wa hapa hawakushangaa hata kidogo. Mtwara ilishaambiwa kumekucha kabla yangu. Waingereza walikuja baada ya vita na mradi wa karanga, 1947, wakachimba bandari, wakajenga reli hadi Nachingwea, wakaupima mji mpana wenye barabara za kupishana malori matatu. Karanga zikagoma. Mradi ukafa 1951, bandari ikafunguliwa 1954 wakati karanga zenyewe hazipo, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo tuna mtaa unaitwa Reli na hakuna reli. Mtu wa Tanga anaelewa hali hiyo, sisi tumelelewa kwenye mkonge. Basi ndiyo maana mji wa Mtwara una nafasi, vitu viko mbalimbali, na foleni kubwa niliyowahi kukaa ni ya mbuzi wakivuka. Mimi hiyo naihesabu kwenye faida. Mtu aliyetoka Dar wiki ya kwanza huwa anaihesabu kwenye hasara, anasema mji umelala. Mwezi wa tatu anaacha kusema.

Nimebaki kwa nini, wakati wenzangu niliokuja nao walirudi? Sababu moja ni mke, nitaifikia. Nyingine ni kwamba fedha ndogo hapa inafanya kazi ya mtu mzima. Kiwanja changu cha Mangamba nilikinunua 2017 kwa hela ya viyoyozi vitatu. Samaki nanunua Feri, asubuhi, kwa mtu anayenijua. Changu bado macho yanang'aa, pweza anajikunja kwenye ndoo. Jioni ya Julai, kusi inavuma, unakaa nje na shuka mabegani, huhitaji kiyoyozi wala feni (mimi nikiwa fundi nalisema hili kwa uchungu). Jumapili ukitaka unapanda bodaboda mpaka Mikindani, pale alipoanzia Livingstone safari yake ya mwisho mwaka 1866, unakaa ukutani unatazama mitumbwi bila mtu kukuuzia kitu. Au ukiwa na gari la rafiki unakwenda Msimbati, mchanga ni mgumu kiasi kwamba gari linatembea ufukweni kabisa. Mara ya kwanza nilikataa kushuka nikidhani tutazama.

Ming'oko je? Dada yangu hajui ming'oko ni nini. Ni mizizi ya porini, myembamba, inachimbwa na kuchemshwa, unaimenya kwa vidole huku unakula, na chumvi yenye pilipili pembeni. Wanauza kina mama kwenye sinia. Inakaa tumboni siku nzima. Kuna chakula kingine wanakiita samaki nchanga, na nilipokaribishwa mara ya kwanza nilikwishanawa mikono ndipo nikaambiwa ni panya wa shamba. Nikasingizia tumbo. Walicheka mpaka leo wanacheka, ila hakuna aliyenilazimisha, na wala nisingependa mtu aje kunisimulia hilo kama ajabu ya Wamakonde. Kwetu tunakula vitu ambavyo wao wanatema.

Sasa korosho. Mpwa wangu asipoielewa korosho hataelewa kitu chochote cha mkoa huu, hata darasa lake mwenyewe.

Mwaka wa hapa una miezi mitatu, Oktoba hadi Desemba. Ile tisa iliyobaki ni kusubiri. Mei na Juni watu wanapuliza salfa, ukipita Tandahimba asubuhi unaona ukungu wa njano juu ya mikorosho na kifua kinakukwaruza. Kisha maua, kisha mabibo. Oktoba harufu ya mabibo inaingia mpaka ndani ya basi, tamu na chachu, na doa lake likishika shati basi shati hilo limekuwa la kazi. Mabibo yanatengenezwa pombe ya uraka, na uraka ukikolea wateja wangu hunipigia saa nne usiku kuniambia wananipenda. Korosho zenyewe zinakwenda chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinaingia ghalani, mkulima anabaki na stakabadhi. Mnada unapigwa, wanunuzi wa kupeleka India na Vietnam wanashindana, hela inaingia benki. Ndivyo ulivyo mfumo wa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007, na watu wanaugombania na kuulaumu kama wanavyomlaumu mke wasiyeweza kumwacha.

Kwangu mfumo huo una daftari. Daftari jekundu, kurasa ndefu. Mtu analeta friji Machi, kompresa imekufa. "Fundi, tengeneza, nikilipwa korosho nakuletea." Nikikataa nimekosa mteja, maana mtaa mzima wanasubiri korosho hiyohiyo. Nikikubali nimekuwa benki. Miaka mizuri nalipwa ndani ya wiki mbili, wanakuja na noti mpya, wananunua na friji la pili. Msimu wa 2024 mnada wa kwanza bei ilivuka 4,000 kwa kilo, mwezi huo sikukaa chini. Lakini nilikuwepo 2018 pia. Bei za mnada zilikuwa ndogo wakulima wakagoma kuuza, Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa 3,300 kwa kilo na jeshi litasomba. Malori ya jeshi yakaja kweli. Ukaja na uhakiki, nani mkulima na nani kangomba. Kangomba ndiye yule anayenunua korosho kwa bakuli kwa mtu mwenye shida kabla ya msimu, kwa bei ya kutupa, halafu anaziuza kama zake. Malipo yakachelewa. Daftari langu lilikuwa na majina ishirini na tatu. Mmoja aliniletea mbuzi, nikamla Idi. Mmoja alinikwepa miaka miwili, akiniona anageuza baiskeli, mpaka siku moja nikamfuata nikamwambia, "Ndugu yangu, salamu hazidaiwi." Alilipa mwaka uliofuata, na riba ya papai. Wengine sijawafuta, lakini sijawauliza.

Kwa mwalimu maana yake ni hii: Novemba madawati yanakuwa wazi. Watoto wako mikorosho wanaokota na mama zao, na huwezi kumwambia mama aache chakula cha mwaka mzima chini kwa sababu kuna somo la sehemu. Utamwambia, ndiyo kazi yako. Lakini mwambie kwa adabu.

Hasara kubwa ya Mtwara, ukiniuliza mimi, ni umbali. Kutoka Dar kuja hapa ni kilomita mia tano sitini na kitu. Lami ipo yote siku hizi, basi linatoka alfajiri unafika jioni umekaza kiuno. Mzee mwenye nyumba wangu anacheka tukilalamika. Yeye alisafiri enzi za kivuko cha Ndundu pale Rufiji, kabla Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso hapa hapa Masasi, hajafungua daraja lile mwaka 2003. Masika walikuwa wanalala njiani siku tatu, nne, wanapika pembeni ya gari. "Mtu akienda Dar tulikuwa tunamuaga kama anakwenda Maka," anasema. Vijana walikwenda hivyo hivyo. Hata hilo neno machinga mnalolitumia Kariakoo limetoka huku, Wamachinga ni watu wa Lindi, walikwenda kutembeza bidhaa Dar mpaka jina la kabila likawa jina la kazi.

Umbali huo unaukuta kwenye vipuri. Hapa mjini napata kapasita, rilei, mirija ya shaba, gesi ya kujaza. Kompresa nzuri lazima itoke Gerezani, Kariakoo, na ije kwa basi. Mwaka 2024, mwanzoni mwa Mei, mama mmoja anayeuza samaki Feri aliniita. Difriza lake kubwa la kifuniko cha juu lilikuwa limenyamaza tangu usiku. Nikaweka kiganja ubavuni kwenye kompresa: moto, ya kuchoma. Nikazima, nikasubiri, nikaweka mita kwenye pini zake tatu, halafu pini moja na bati la nje. Mita ikalia. Maana yake waya wa ndani umeungua umegusa mwili, hakuna dawa hapo zaidi ya kubadilisha. Umeme mdogo ulikuwa umeipiga wiki nzima, inataka kuwaka inashindwa, inataka inashindwa. Ndani mlikuwa na changu, kibua na vipande vya nguru, barafu imeanza kutoa machozi.

Nikapiga simu Dar, kompresa ikapakiwa Jumamosi asubuhi tarehe 4. Siku hiyo hiyo ndiyo kimbunga Hidaya kinapiga. Mvua ikakata barabara upande wa Somanga, mabasi yakasimama huku na huku, watu wamekwama na watoto. Basi lenye mzigo wangu likarudi lilikotoka. Mimi nikaenda Feri kumwambia mama yule, miguu mizito. Nikamkuta yeye na binti zake wamekwishawapasua samaki wote mgongo, wamewatia chumvi, wanasubiri jua litoke wawaanike wawe ng'onda. Nikaanza kuomba radhi. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mtanga, bibi yangu alikufa hajaona friji, na hakuwahi kumlisha mtu samaki aliyeoza. Shika kisu." Nikashika kisu. Mzigo ulinifikia siku ya kumi.

Wiki ile dukani sukari ilipanda, mafuta ya gari yakapanda, na wote tukakumbuka kwamba tuna barabara moja. Ukiishi Dar hujui barabara ni nini, zipo nyingi.

Umeme nao niuseme. Lindi na Mtwara kwa miaka mingi tulikuwa tunajitegemea, mitambo ya gesi ya hapa hapa, nje ya gridi ya taifa. Mtambo mmoja ukiugua mikoa miwili inakohoa. Mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 ulikuwa unakatika mpaka watu wakaacha kuuliza unarudi saa ngapi. Gesi iko Msimbati, bomba linaipeleka Dar, na mimi niko Magomeni na tochi mdomoni natafuta skrubu. Hapo hasira za 2013 nilizielewa tofauti kidogo. Lakini siwezi kujifanya mtakatifu: umeme ukirudi kwa kishindo, kompresa zinakufa, na mimi nakula. Kwa uchache mpwa wangu anunue stebilaiza kabla ya televisheni.

Chumvi ya bahari ndiyo mshirika wangu mwingine. Kiyoyozi kilichofungwa kimetazama bahari, mapezi yake ya alumini baada ya miaka miwili mitatu unayasaga kwa vidole kama biskuti. Na mabati hivyo hivyo, na misumari, na baiskeli. Jenga nyuma kidogo, panda mti mbele.

Tiba imekuwa nafuu kuliko nilivyoikuta. Zamani neno rufaa lilimaanisha basi la Dar, au Ndanda kwa wamisionari. Sasa kuna hospitali ya rufaa ya kanda hapa Mitengo. Mtandao wa simu mzuri mjini. Mpira tulikuwa na timu ligi kuu, ikashuka, tusiongee.

Sasa mke. Nilimuoa 2014, Mmakonde wa Tandahimba, na mahari ilikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Niliuliza baba yake amekubali? Nikaambiwa amekubali, ila mjomba je? Kwao mtoto anahesabiwa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno. Kwetu baba akisema kimekwisha. Hapa nilikuja kujifunza kwamba mimi baba wa watoto wangu ni mgeni mwenye heshima.

Mwanangu alipofika miaka minane, Desemba moja, mjomba wa mke wangu alitokea mlangoni bila taarifa, koti jeusi, mwavuli mkononi na jua linawaka. Tukamtandikia mkeka. Akanywa chai vikombe viwili, akauliza habari za mafriji, akauliza habari za Tanga. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Bwana mkwe, nimekuja kumchukua mtoto wetu." Wetu. Nikajua ni jando. Nikakohoa, nikamwambia kwa heshima zote, "Mjomba, huyu alishatahiriwa hospitali, akiwa mchanga. Karatasi ninayo."

Akanitazama kama ninavyowatazama wateja wanaoniambia friji limeharibika lenyewe. "Hospitali imemkata," akasema. "Haijamfundisha."

Mke wangu alikuwa jikoni, sufuria zikanyamaza. Nikakosa la kusema. Mtoto alikwenda likumbini, kambi ya jando, wiki tatu, ndani ya likizo, hilo ndilo sharti nililolishinda. Sikulala vizuri. Siku ya kutoka tulikwenda na nguo mpya, viatu, mchele na pesa za ngoma; vumbi, vigelegele, kina mama wanacheza sindimba na bibi mmoja ananivuta mkono nicheze, mimi kiuno changu cha kupandia ngazi. Mtoto akatolewa amepakwa mafuta, anatazama chini. Akaniamkia kwa kupiga goti. Tangu siku ile haingii chumbani kwetu bila hodi, na anapokea mzigo wa mtu mzima yeyote njiani kabla hajaombwa. Alichofundishwa hakisemi. Nimejaribu hata kumhonga soda.

Sitaki udhani nimekubali kila kitu. Binti yangu ana miaka sita, na bibi yake ameshaanza kudokeza unyago. Nimesema amalize sekondari kwanza ndipo tuzungumze, na nimelisema kwa mjomba, kwenye mkeka uleule. Akajibu, "Tutaona." Hapo ndipo tulipo. Mwalimu mgeni Newala atakutana na mambo haya na wazazi wa darasa zima, na akienda na kauli za kudharau mila atakuwa amejifungia mlango mwenyewe. Amtafute mjomba wa mtoto. Kumwita baba peke yake ni nusu ya kikao.

Newala yenyewe naijua kiasi. Iko juu, kwenye uwanda wa Wamakonde, na Julai kuna baridi ya sweta na ukungu asubuhi. Nilipandishwa huko kutengeneza friji la soda la baa moja, mteja akanikaribisha bia kutoka kwenye kreti iliyokuwa sakafuni, ya baridi kabisa. Nikajua soko langu haliko huku. Ukifika nenda Shimo la Mungu jioni: ardhi inakatika ghafla miguuni mwako, bonde lote la Ruvuma liko chini, na ng'ambo kule ni Msumbiji. Nilikaa pale nikasahau basi.

Ila juu hapo maji ni shida ya tangu mababu, uwanda ni mchanga, maji yanazama chini kabisa. Kabla hajauliza kodi ya nyumba aulize kisima cha mvua kiko wapi na kinachukua kiasi gani. Nyumba nzuri isiyo na kisima aiache. Na barabara, kutoka mjini lami ni nzuri hadi Mnivata, mbele ya hapo nilipopita mara ya mwisho ilikuwa inajengwa, vumbi kiangazi, utelezi kifuku. Asivae shati jeupe.

Kiswahili chetu cha Tanga watamcheka kwanza. Wao wanasema Ntwara, wanasema ntu, na baada ya mwaka naye atasema. Mimi dada yangu aliniambia kwenye simu hiyo hiyo, "Mbona unaongea kama wao?"

Kuhusu uhamisho, aombe akitaka. Wapo walimu wanaoomba mwaka wa kwanza, na nawajua wawili walioomba, wakapata, barua ikafika, wakaanza kutafuta namna ya kuikataa.

Basi, mpwa wangu, ukikata tiketi Dar kaa upande wa kushoto. Mchana jua linakuwa kulia, linaunguza, na ukikaribia kufika utaiona bahari ya Mikindani kwa upande wako. Nitakuwa stendi. Na kwa kuwa unapita Dar, nimeshaongea na duka moja la Gerezani, utapewa kompresa ya robo, ya gesi ya 134, imelipiwa. Ni ya difriza la yule mama wa Feri, limekufa tena. Usiiweke chini ya basi na mizigo mingine. Iweke miguuni kwako, wima, na usiilaze hata kidogo, mafuta yataingia kwenye mirija.